Saa Kumi na Nusu Alfajiri: Uchambuzi wa Kisa cha Kijana Aliyedhani Imani Yake Imepoa

Kijana anayezungumziwa hapa ana miaka 16, yuko sekondari, amelelewa katika nyumba ya Wakristo na amempokea Kristo kwa hiari yake, bila kusukumwa na mzazi. Simtaji jina kwa sababu si mtu mmoja. Nimekusanya hali ambazo mlezi yeyote wa vijana kanisani huzikuta, nikazibebesha kijana mmoja ili tuone zinavyoshikana.

Wakati wa likizo alikwenda kambi ya vijana. Usiku wa mwisho mhubiri alisoma Mathayo 26, pale Yesu anapowakuta wanafunzi wake wamelala Gethsemane na kumuuliza Petro kama hawakuweza kukesha naye hata saa moja. Mhubiri akawageukia vijana: na wewe, unampa Bwana dakika ngapi? Kijana wetu alirudi nyumbani na karatasi aliyoiandika usiku uleule, akaibandika ukutani juu ya kitanda. Kuamka saa 10:30 alfajiri. Saa nzima ya maombi. Sura nne za Biblia. Mazoezi ya viungo. Kurudia masomo ya jana. Kuoga, kisha kifungua kinywa kama muda utabaki. Kuondoka nyumbani saa 12:45. Pembeni alichora visanduku, alama ya vema kwa siku aliyofaulu na alama ya kosa kwa siku aliyoshindwa.

Wiki ya kwanza vema zilijipanga vizuri. Wiki ya pili zikaanza kuchanganyika. Kufikia mwezi, alikuwa akizindukana yuko magotini, shavu limelalia godoro, na muda wa kuondoka umeshafika. Darasani alisinzia mpaka mwalimu akamhamishia dawati la mbele. Alamu yake ilikuwa ikimwamsha kwanza mdogo wake wanayelala naye chumba kimoja, na mdogo akilalamika alifokewa. Jumamosi alilala hadi saa tano asubuhi. Hatimaye akaing'oa karatasi ukutani, akaacha na kwenda ushirika wa vijana. Mlezi wake alipomfuata, alijibu hivi: "Mlezi, nafikiri Mungu amenichoka. Hata kuamka tu kwa ajili yake nimeshindwa."

Jibu hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kistahili kurasa. Aliyechoka ni kijana, lakini uchovu ameuhamishia kwa Mungu. Amechukua habari ya mwili wake akaisoma kama habari ya wokovu wake, na watu wazima waliomzunguka, kwa nia njema kabisa, wakamsaidia kuikosea.

Watu wazima watatu, maelezo matatu

Baba aliona upungufu wa nidhamu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alimwambia, kisha akamsimulia jinsi yeye alivyokuwa akiamka mapema alipokuwa na umri ule. Wazazi husahau kwamba wanachokikumbuka ni ile saa waliyoamka. Saa waliyolala hawaikumbuki, na mara nyingi ilikuwa mapema sana kuliko ya watoto wao.

Mama aliona simu. "Mwanangu, ungekuwa unaomba kama unavyoshika hiyo simu, ungekuwa mtume," alisema, na hilo likawa ugomvi wa jioni nzima. Kati ya wote, mama ndiye aliyekuwa karibu zaidi na chanzo. Tatizo ni kwamba aliitaja simu kama dhambi, kijana akaitetea kama haki, na hakuna aliyefika kwenye swali la saa.

Kiongozi wa ushirika aliona vita vya kiroho, akashauri kijana afunge siku tatu. Hapa sina budi kuwa mkali kidogo. Kufunga ni nidhamu ya kale ya Kanisa na ina mahali pake. Lakini kumwagiza afunge mtoto ambaye tayari anaruka kifungua kinywa na kusinzia mchana, bila kwanza kumuuliza analala saa ngapi, ni kumwongezea mzigo aliyekwisha kuanguka nao. Vita vya kiroho vipo, na yeyote anayeamini Maandiko anajua hivyo, ila si kila kope zito ni la adui.

Mlezi wa vijana, yule aliyekuja kumtembelea, aliuliza jambo dogo ambalo wengine hawakuliuliza. Hakuuliza "unaamka saa ngapi?" Aliuliza "usingizi hukuchukua saa ngapi?"

Hesabu ya usiku

Kijana alipanda kitandani saa 4:30 usiku, na simu mkononi. Sehemu kubwa ya kilichomshikilia hakikuwa upuuzi: mazungumzo ya kundi la ushirika, mahubiri mafupi ya video, nyimbo za kusifu. Usingizi ulimchukua karibu saa sita. Kutoka saa sita hadi saa kumi na nusu ni saa nne na nusu.

Mwaka 2016 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilitoa mapendekezo kwamba mtu wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 katika kila saa 24. Tukichukua hata kile kiwango cha chini, saa 8, kijana wetu alikuwa akipungukiwa saa tatu na nusu kila usiku, yaani zaidi ya saa 17 kwa siku tano za shule. Na kabla ya kambi hakuwa salama, maana alipokuwa akiamka saa kumi na mbili alikuwa analala saa sita tu. Ratiba yake takatifu ilijengwa juu ya deni.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui, na linastahili kuelezwa polepole. Mtoto anapobalehe, saa ya ndani ya mwili husogea mbele. Melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia, huanza kutolewa kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo, na ule uzito wa usingizi unaojikusanya tangu mtu aamke hujikusanya taratibu zaidi. Ndiyo maana kijana wa miaka 16 anaweza kuwa macho makavu saa nne usiku wakati mdogo wake wa miaka 9 ameshazimika tangu saa mbili. Huo si ukaidi, ingawa ukaidi unaweza kujichomeka humo. Mwanga wa simu machoni usiku unaisukuma saa hiyo mbele zaidi, na mazungumzo yenyewe yanaufanya ubongo uendelee kusubiri ujumbe unaofuata.

Upande wa pili, kengele ya shule haisogei. Mwaka 2014 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilipendekeza shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na jimbo la California likaifanya sheria kwa shule za sekondari za juu, ikaanza kutumika mwaka 2022. Jiji la Seattle lilipochelewesha masomo ya sekondari mwaka 2016, watafiti walipima na kukuta wanafunzi wanalala dakika 34 zaidi kwa usiku. Kwa hiyo wale wasemao "ukiwachelewesha watazidi tu kukesha" walipata jibu lao. Lakini kijana wetu hana jimbo la kumtungia sheria. Mwisho wa usiku wake umefungwa, na kinachoweza kusogea ni mwanzo.

Na kile alichokata ili aombe hakikuwa usingizi wowote tu. Usingizi wa ndoto, ambao ubongo unautumia pamoja na mambo mengine kusawazisha hisia, hujaa zaidi katika saa za mwisho za usiku. Anayekata saa za alfajiri hukata zaidi sehemu hiyo. Ukilijua hili, ile tabia ya kumfokea mdogo wake kwa sababu ya alamu haikushangazi. Alikuwa anaomba upole katika saa ileile aliyouibia mwili wake nafasi ya kuupata.

Jumamosi nayo ilikuwa na madhara yake. Kulala hadi saa tano kulimlipa sehemu ya deni, ila kuliihamisha saa ya mwili kana kwamba amesafiri nchi za mbali za magharibi na kurudi. Mtafiti Mjerumani Till Roenneberg na wenzake waliipa hali hii jina mwaka 2006, wakaifananisha na uchovu wa ndege unaoletwa na ratiba za kijamii. Jumapili usiku kijana hakupata usingizi, na Jumatatu ikawa siku yenye alama za kosa nyingi kuliko zote kwenye karatasi yake. Yeye aliihesabu Jumatatu kama siku ya majaribu.

Maandiko yaliyomlemea

Sasa turudi Gethsemane, maana hapo ndipo alipojeruhiwa. Ile "saa moja" aliichukua kama kipimo, kiasi ambacho mwanafunzi wa kweli hutoa kila alfajiri. Lakini Yesu hakuwa akipanga ratiba. Ulikuwa usiku mmoja, wa mwisho, baada ya karamu, na alikuwa anawaomba rafiki zake wawe naye katika huzuni. Aya inayofuata inasema roho i radhi lakini mwili ni dhaifu, maneno ambayo mahubiri mengi huyatamka kwa sauti ya kukaripia. Yasome upya, utaona yanaweza pia kuwa maneno ya mtu anayewajua rafiki zake. Luka, anapoisimulia habari hiyohiyo, anaongeza kwamba aliwakuta wamelala kwa huzuni. Mwinjili alitaja sababu. Hakuwaita wavivu.

Andiko la pili lililokuwa kwenye karatasi ni Marko 1:35, Yesu kuondoka alfajiri na mapema sana kwenda mahali pasipokuwa na watu kuomba. Ni andiko zuri na silipunguzi nguvu. Ila kitabu hicho hicho, sura ya 4, kinamwonyesha Yesu amelala kwenye mto ndani ya chombo, mawimbi yanaingia, na wanafunzi ndio wanaomwamsha. Luka 6:12 inamwonyesha akikesha usiku kucha mlimani. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, dirisha lake likielekea Yerusalemu. Mtunga Zaburi ya 63 anamkumbuka Mungu akiwa kitandani, katika makesha ya usiku. Mtu akitaka kutoa humo saa moja ya lazima kwa kila Mkristo wa miaka 16, atalazimika kuyafumbia macho maandiko mengi.

Na yapo yale ambayo hakuna aliyemsomea. Zaburi ya 127 inawaambia wanaoamka mapema na kukawia kulala kwamba taabu yao ni bure, kwa kuwa Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Usingizi, katika zaburi hiyo, umo katika hesabu ya vipawa. Katika 1 Wafalme 19 Eliya analala chini ya mretemu akiomba afe, akisema imetosha. Malaika hakumwambia aamke aombe. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamgusa mara ya pili, ale tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, siku arobaini mbele, huko Horebu. Kila mlezi wa vijana anapaswa kuifahamu sura hiyo kwa mpangilio wake. Mungu alianza na mwili wa nabii.

Kisha kuna Mwanzo 1. Ikawa jioni, ikawa asubuhi, siku moja. Jioni imetangulia. Wayahudi hadi leo huianza Sabato jua linapozama, na mtu anayeihesabu siku kwa namna hiyo huianza kwa kulala, akimwachia Mungu dunia iendelee bila yeye. Hapa ndipo penye hoja yangu yote kuhusu kisa hiki. Kijana alitaka kuitengeneza asubuhi kuanzia asubuhi, wakati asubuhi yake ilikuwa imeshaamuliwa jana saa tatu usiku.

Wazee wawili wa kale na akili zao

Wanaohimiza kuamka alfajiri hupenda kutaja watu wakubwa wa maombi. Sawa, tuwataje wawili, lakini tuwasikilize hadi mwisho.

George Müller, aliyelea maelfu ya yatima huko Bristol, Uingereza, aliandika mwaka 1841 kwamba kwa miaka mingi desturi yake ilikuwa kuingia katika maombi mara tu akishavaa. Akakiri kuwa mara nyingi robo saa, hata nusu saa, ilipita mawazo yakitangatanga kabla hajaanza kuomba kwelikweli. Alichofanya ni kugeuza mpangilio: akaanza kwa kusoma Neno na kulitafakari, na maombi yakazaliwa humo. Müller alikuwa mtu mzima, amezoea, na bado dakika za kwanza baada ya kuamka zilimpiga chenga. Leo tunajua kwamba ubongo huchukua muda kuzinduka hata baada ya macho kufunguka, aghalabu robo saa hadi saa nzima, na zaidi kwa mtu aliyekatiza usingizi. Kumwagiza kijana aombe kwa maneno yake mwenyewe, gizani, amefumba macho, katika dakika hizo hizo, ni kumtega.

Wa pili ni Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee, Scotland. Zile sura nne kwa siku, ambazo kijana wetu alizipata kambini, zinafanana sana na mpango wa usomaji alioutengenezea usharika wake mwishoni mwa 1842: Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Mpango huo umesambaa duniani. Kilichosambaa kidogo ni onyo aliloliweka mwanzoni. Alitaja hatari zake yeye mwenyewe: kusoma kwa desturi tu, kujiona mwenye haki, kusoma kwa kupitisha macho, na watu wengine kuuona kama nira isiyobebeka. Aliyeutunga mpango alijua kwamba ungeweza kumwangukia mtu. Waliouchapa kwa ajili ya vijana wangefanya vyema kulichapa na onyo.

Ratiba iliyoanzia usiku

Mlezi hakuleta karatasi mpya siku ile. Kwanza alizungumza na wazazi, kijana akiwapo, akawaonyesha hesabu ya saa nne na nusu. Baba alinyamaza kwa muda. Kisha wakaanza kupanga kwa kurudi nyuma kutoka saa 12:45.

Kuoga kulihamia jioni. Mkoba na sare viliandaliwa kabla ya kulala. Kwa mabadiliko hayo mawili tu, kuamka kuliweza kusogea hadi saa 12:10. Ukitaka saa nane, usingizi uwe umemchukua saa 4:10 usiku, kwa hiyo awe kitandani saa 3:45. Simu iwe sebuleni kwenye chaji kuanzia saa tatu. Hapo ndipo mazungumzo yalipochacha.

Kijana alisema simu ndiyo alamu yake. Likapatikana jibu: saa ya mezani. Akasema kundi la ushirika huandikiana usiku. Likapatikana jibu: mlezi mwenyewe atalihimiza kundi linyamaze baada ya saa tatu, na kwa kweli kundi la vijana linaloombeana kwa ujumbe hadi saa sita linahitaji mtu wa kulilaza. Halafu kijana akauliza swali la haki: "Na simu ya baba je?" Familia ikakubaliana kwamba simu zote zitalala sebuleni, isipokuwa kukiwa na mgonjwa au safari. Nadhani hapa ndipo mpango ulipookoka. Kijana wa miaka 16 hunusa unafiki haraka kuliko anavyonusa hekima, na sheria inayomhusu yeye peke yake ingedumu hadi Alhamisi.

Kusogea kutoka saa sita hadi saa nne hakukufanywa kwa usiku mmoja. Mtu akijilaza saa mbili kabla ya saa ya mwili wake ataishia kulitazama dari na kujilaumu. Walisogeza robo saa kila baada ya siku chache. Asubuhi, jambo la kwanza likawa kufungua pazia na kusimama penye mwanga, kwa sababu mwanga wa asubuhi machoni ndio unaoirudisha nyuma saa iliyosogea mbele. Mwisho wa wiki aliruhusiwa kuchelewa saa moja hivi, na kama amechoka, alale kidogo mchana, dakika 20, kabla jioni haijaingia.

Na ibada? Ikawa fupi kiasi cha kumwaibisha. Akisimama palepale dirishani, anasoma zaburi moja au kisa kimoja cha Injili kwa sauti, kisha anaomba kutokana na alichosoma, dakika chache, macho wazi akitaka. Akimaliza anakwenda mezani, anakula na wenzake. Maombi marefu yakahamia alasiri baada ya shule, saa ambayo kijana wa umri huo yuko macho kweli. Sura nyingi zikawekwa Jumamosi. Mazoezi yalifutwa asubuhi kabisa, kwa kuwa tayari alikuwa akicheza mpira jioni na hakuna aliyekuwa ameuhesabu.

Kijana alilalamika: "Lakini hii ni ndogo sana, mlezi. Nitakuwa nimempa Mungu nini?" Mlezi akamsomea Isaya 50, pale mtumishi wa Bwana anaposema kwamba Mungu humwamsha asubuhi baada ya asubuhi, humwamsha sikio lake apate kusikia. Katika andiko hilo anayeanza ni Mungu, na mwanadamu anapokea. Karatasi ya visanduku ilikuwa imeligeuza jambo, asubuhi ikawa mahali pa kulipia.

Kwa maoni yangu thamani ya asubuhi njema kwa kijana Mkristo iko hapo, katika swali la ni nani anayemsemesha kwanza. Simu ikiwa chini ya mto, wa kwanza kumsemesha ni watu waliokuwa wakijilinganisha usiku kucha, na sura zao nzuri na matokeo yao mazuri. Zaburi ikitangulia, hata dakika tano, anaingia shuleni ameshaambiwa yeye ni wa nani. Faida nyingine zipo, za kichwa kilichotulia, tumbo lisilo tupu na kutochelewa, na nazithamini. Lakini hizo hata asiyeamini anazipata.

Visanduku havikurudi. Alipewa daftari la kuandika mstari mmoja tu kutoka kwenye alichosoma, au kuuacha ukurasa wazi. Mlezi alikuwa na sababu. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia moja ndogo kila mmoja. Muda wa wastani wa tabia kuwa jambo la kujiendea ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa, kutoka siku 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Mtoto aliyelelewa kwenye alama za vema na kosa husikia kwamba siku moja iliyokosekana imeuvunja mnyororo. Haikuvunja.

Kilichofuata

Wiki za kwanza hazikupendeza. Alilala macho wazi usiku kadhaa, akasema saa ya mezani inapiga kelele, akakutwa mara mbili sebuleni saa tano akichungulia simu. Mama aliyekuwa tayari kufoka alijizuia, akamwambia tu, "Rudi kalale, mwanangu." Badiliko la kwanza halikuonekana katika maombi. Lilionekana kwa mdogo wake, ambaye siku moja alimwambia mama kwamba kaka siku hizi hana hasira. Kusinzia darasani kulipungua. Alama za hesabu zilipanda kidogo tu, na sioni sababu ya kuzikuza.

Katika maombi, alisema jambo ambalo mlezi aliliandika: kwamba sasa anakumbuka alichoomba. Zamani alikuwa akimaliza saa nzima na kusahau alikuwa akisema nini. Alirudi kwenye ushirika bila tangazo lolote, akakaa viti vya nyuma.

Si kila kijana anayesinzia ana tatizo la ratiba, na mlezi asiyejua mipaka yake anaweza kumwacha mtu kwenye hatari. Kijana akiwa na huzuni au kukosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili, akikoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, au akilala vya kutosha na bado akaanguka usingizi mchana, apelekwe kwa daktari. Akitamka habari ya kutaka kufa, hata kwa utani, asiachwe peke yake na apelekwe siku hiyohiyo. Mlezi wetu alimuuliza hayo yote mwanzoni, waziwazi, kabla hajagusa habari ya simu.

Lililobaki bila jibu ni mitihani. Baba bado anaamini kwamba wiki za mitihani zinahitaji kuamka saa kumi kusoma, na kijana mwenyewe ameanza kukubaliana naye, kwa kuwa darasa zima linafanya hivyo. Mlezi amewaeleza kwamba usingizi ndio unaokamata yaliyosomwa mchana, na kwamba saa mbili za alfajiri zilizoibwa hulipwa ndani ya chumba cha mtihani. Wamefikia makubaliano ya nusu: kusoma kuanze mapema alasiri, ikilazimu aamke saa 11:30, si kabla, na usiku huo simu ziende sebuleni saa mbili na nusu badala ya saa tatu. Baba ametia saini chini ya neno "majaribio," na watakaa tena mitihani ikiisha.